Mpira Hausahau

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Mimi sijambo, ila moyo mzito. Miaka thelathini na mmoja ugenini, bado mambo mazito siwezi kuyaandika ila kwa mkono. Umeuliza habari za mwanao. Vumilia, nitafika kwake.

Kazi yangu unaijua: kupima vipande vya mpira vinavyowekwa chini ya madaraja kubeba uzito. Mpira si chuma wala si asali. Una tabia za vyote viwili: ukibonyezwa hurudi kama springi ya chuma, lakini pia hutiririka polepole kama asali. Kwenye kompyuta tunaukokotoa kwa njia mbili. Moja hufuata muda, sekunde baada ya sekunde, ikikumbuka kila mzigo uliopita. Hiyo huchukua siku tatu. Nyingine hutazama mtikisiko tu, kana kwamba daraja limekuwa likitikisika tangu dunia iumbwe. Hiyo huisha chai haijapoa.

Mwezi uliopita tulipewa daraja la waenda kwa miguu, mbele ya shule. Njia ya mtikisiko ilisema mpira ni salama. Ya muda ilionyesha kwamba, chini ya uzito usioondoka, mpira utabonyea polepole, na kabla ya mwaka wa nne upande mmoja wa daraja utakuwa umedidimia. Nilimkabidhi mwenzangu wa meza ya pili karatasi zote mbili aandike ripoti. Alinitania kwamba mimi na mpira wangu tumefanana, hatusahau kitu. Nikacheka.

Juzi mkuu wetu alinipongeza kwa kuwa hesabu zote mbili zimekubaliana. Nikaomba ripoti. Karatasi ya siku tatu haikuwamo, na chini ya uongo ule palikuwa na jina langu kama mkaguzi. Nilipomuuliza, mwenzangu alinijibu bila kuinua macho kwamba mteja alikuwa na haraka, na kwamba sisi wazee tunapenda kutisha watu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mwenzangu huyo ni mwanao. Hata aliponijibu hivyo aliniita mjomba. Na mimi ndiye niliyemwambia, mwaka wake wa kwanza, kwamba siku ya haraka njia fupi inatosha.

Leo asubuhi nimempelekea mkuu karatasi iliyoondolewa, nikataja aliyeiondoa, nikataja na aliyemfundisha. Huenda mwanao akafukuzwa kazi kabla hujaisoma barua hii. Ukinichukia, sitakulaumu. Sahani yake bado naiweka mezani. Tangu juzi hajarudi nyumbani kwangu.

Msalimie shemeji, na wote wanaoniulizia.

Ni mimi kaka yako,
mjomba wa mwanao.