Sentensi Moja kwa Ajili ya Marit

Fargo, Dakota Kaskazini
12 Januari 2025

Baba mpendwa,

Hujambo huko? Mgongo umetulia tangu ulipoteleza kwenye barafu? Na unakula chochote zaidi ya mayai? Mimi mzima, ila baridi ya wiki hii imenitoa machozi barabarani.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu imetushinda. Tangu Krismasi tumepigiana mara mbili, na mara zote mbili mmoja wetu amekata. Kwenye karatasi hutaweza kunikatiza, wala mimi sitasikia unavyopumua ukikasirika.

Sikupaswa kusema mbele ya Gunder na mkewe kwamba unajidhalilisha kumfanyia Crandall kampeni. Wao ni majirani, na pale ni mezani kwako. Samahani kwa hilo. Lakini neno lenyewe silifuti. Mtu anautaka useneta, na matangazo yake yote yanalipwa na tajiri mmoja ambaye hajawahi kukanyaga shamba la soya. Akishinda, simu ya nani ataipokea kwanza, yako au ya huyo tajiri?

Basi, nisije nikaanza tena. Nina habari njema. Nimefuata ushauri wako na kukubali kile cheo. Tangu wiki iliyopita mimi ndiye msimamizi wa chumba cha mbegu pale kwenye kituo cha serikali cha utafiti. Miaka minne nimekuwa msaidizi, sasa funguo ziko kwangu. Ubaya wake ni kwamba kwa sheria za serikali, cheo kipya kinamrudisha mtu kwenye mwaka wa majaribio. Nilisita kwa ajili hiyo, nawe ukaniambia nisiogope kivuli changu. Sasa siogopi.

Mwanao,
Marit


Norlund
2 Februari 2025

Marit binti yangu,

Barua yako imefika, nami nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani. Mgongo haujambo. Nakula pia maharage, kwa hiyo usinitangaze kwa watu.

Habari ya cheo chako niliipeleka kwenye kahawa ya asubuhi pale kwenye ghala la nafaka la mji. Unajua tunavyorusha dadu, anayeshindwa ndiye anayewalipia wengine. Siku hiyo nilishindwa na nikalipa bila kunung'unika, mpaka Gunder akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia binti yangu ameshika funguo za mbegu za serikali. Akasema, "Basi mwambie atuibie zile zisizoota magugu." Nami nikamwambia wewe hata penseli ya ofisi huwezi kuichukua.

Kuhusu Crandall tuache. Nasikia redioni kwamba wameanza kupunguza watu serikalini. Usiwe na wasiwasi. Wanaotafutwa ni wale wa mji mkuu wanaosukumiana karatasi. Wewe una kazi ya kweli, na mtu yeyote mwenye macho ataiona.

Mama yako angefurahi sana.

Baba yako


Fargo
17 Februari 2025

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi nina afya.

Nimefukuzwa kazi. Ilikuwa Alhamisi saa tisa alasiri. Nilikuwa nimevaa glavu, nikipanga mbegu za majira ya kupanda, barua pepe ikaingia. Ilisema kwamba utendaji wangu haujaonyesha kuwa kuendelea kwangu kunawafaa wananchi. Baba, Desemba nilipewa alama za juu kabisa. Mkuu wangu ndiye aliyezitia sahihi, na mkuu huyohuyo alinisindikiza mpaka mlangoni huku akilia. Hakuna mtu pale kituoni aliyeulizwa lolote. Huko juu walichukua orodha ya wote walio kwenye majaribio, kwa kuwa hao ni rahisi kuwaondoa, wakawatumia barua moja.

Kama ningebaki msaidizi ningekuwa kazini mpaka leo. Mwenzangu Wendell alipewa cheo hiki kabla yangu akakikataa, akisema hataki kuumwa kichwa. Yeye yupo. Jana alinipigia kuniuliza droo ya ngano iko upande gani.

Sikulaumu kwa ushauri wako. Nimelifikiria hilo siku nne nzima na nina hakika sikulaumu.

Ila nakuomba jambo moja. Gunder ameniambia Crandall anakuja kuzungumza kwenye ukumbi wa shule tarehe 15 Machi, na wewe ndiye utakayemkaribisha. Huyo na tajiri wake, ambaye ndiye aliyepewa kazi ya kupanga upunguzaji huu, wanausifu kila siku. Ukishika kipaza sauti, sema sentensi moja: "Binti yangu Marit alifukuzwa kazi bila kosa." Usibishane na mtu, wala usiache kumuunga mkono kama unamtaka. Sitaki kazi irudi kwa maneno yako, najua haitarudi. Nataka tu watu walionijua tangu nikiwa mtoto wasiamini kwamba nilikuwa mvivu.

Mwanao,
Marit


Norlund
6 Aprili 2025

Marit,

Salamu. Ningekuandikia mapema. Nilianza mara tatu.

Sikuisema.

Nilikuwa nimeiandika kwenye karatasi na kuiweka katika mfuko wa shati. Nikamkaribisha Crandall na kuwaomba watu wazime simu zao. Kisha akazungumza. Alipofika kwa waliofukuzwa, akasema serikali imewaamsha watu waliokuwa wakilala kazini kwa kodi zetu. Watu wakacheka. Nami nilikuwa mbele yao wote, kwenye kiti pembeni yake, na nilitabasamu, Marit. Uso ulifanya hivyo kabla sijajua.

Baadaye mwalimu Ruth, yule aliyekufundisha darasa la tano, alisimama kuuliza tajiri ambaye hakupigiwa kura na mtu anapanga vipi nani afukuzwe. Wakamzomea mpaka akakaa. Nilikuwa na nafasi ya kusema baada yake. Nikashukuru waliopika kahawa, nikafunga mkutano.

Unajua tulivyo hapa. Ghala la Gunder liliungua lote, na asubuhi yake akaja kwenye kahawa akazungumzia mvua. Hatutoi ya nyumbani mbele za watu. Nimelelewa hivyo, na miaka sitini na nane ni mingi. Nakueleza tu, sijitetei.

Ushuru mpya wa bidhaa za nje umetangazwa wiki hii. Wachina, wanunuzi wetu wakuu wa soya, nao wamejibu kwa ushuru wao. Wenzangu wanasema tuvumilie.

Utakuja kupanda? Trekta la kijani nimeshalitengeneza.

Baba yako


Fargo
19 Aprili 2025

Baba,

Natumaini u mzima.

Sitakuja kupanda mwaka huu. Mtafute mtu mapema.

Asante kwa kuniambia habari ya tabasamu. Ungeweza kunificha. Nimejaribu kuona kama kulijua kunanisaidia, na mpaka leo sijapata jibu.

Marit


Norlund
28 Septemba 2025

Binti yangu Marit,

Hujambo? Huku tu wazima. Hii ni barua ya tatu tangu Aprili, na najua zimekufikia kwa sababu hazikurudi.

Soya imestawi kuliko nilivyowahi kuiona, na haina mnunuzi. Wachina hawajaagiza hata behewa moja. Ubao wa bei pale ghalani umeachwa mtupu, na treni za kwenda pwani haziji. Dadu ziko mezani na hakuna anayezirusha. Vijana wa Gunder wanamwaga soya uwanjani, chini, mithili ya mchanga.

Alhamisi Crandall alirudi. Safari hii hakuhitaji mkaribishaji, alikuja na watu wake. Alisema tutakuja kumshukuru baadaye. Nikanyanyuka nikaomba kipaza sauti. Nilimwambia soko lile tulilijenga miaka thelathini, na yeye na tajiri wake wamelivunja kwa msimu mmoja kwa ushuru wanaoushangilia. Nilimuuliza tajiri huyo amepoteza nini mpaka sasa. Watu wakasimama wakapiga makofi. Wengine ni walewale waliomzomea Ruth.

Niliporudi kukaa, Ruth alikuwa safu ya nyuma yangu. Aliinama akaniuliza, "Na Marit?"

Marit, sikuwa nimekumbuka. Sikukaa nikaogopa kama mara ya kwanza. Nilisahau kabisa. Naona hilo ni baya zaidi, ndiyo maana nakuandikia.

Baba yako


Fargo
12 Oktoba 2025

Baba,

Salamu kwako na kwa majirani.

Video ya mkutano niliiona siku ileile, mtu alinitumia. Ulizungumza vizuri sana. Nilikuwa nakuangalia huku nikijiambia, sasa atanitaja, sasa. Kisha ukakaa.

Mwezi wa pili nilikuomba sentensi moja ukaona huwezi, kwa sababu hatutoi ya nyumbani. Mwezi wa tisa ulizungumza dakika nne. Kumbe tunatoa, ikiwa ni soya. Najua shamba ni maisha yako na linakuuma kweli, nami linaniuma, nimelia kwa ajili ya lile rundo la uwanjani. Lakini nilitaka kuwa kitu kinachokuuma hata bila kukugusa mfukoni.

Nimepata kazi Kanada, Manitoba, kwenye kituo cha mbegu kama kile. Wamenipa mkataba wa miaka mitano. Naondoka mwisho wa mwezi. Anwani iko nyuma ya bahasha. Usiniandikie kuomba msamaha tena. Niandikie utakapokuwa na jambo la kuniambia.

Mwanao,
Marit


Norlund
Jumapili, 23 Novemba 2025

Mwanangu Marit,

Natumaini umepata nyumba yenye joto na kwamba watu wa huko wanakutendea vyema.

Nina jambo.

Leo kanisani mchungaji alifika mahali pa kuombea watu, akauliza kama kawaida nani ana jina la kutaja. Unajua hutajwa wagonjwa tu, na waliokufa. Doreen alitaja goti la mumewe. Mtu akataja saratani ya dadake. Nikasimama nikasema, "Marit Haugland."

Mchungaji akaniuliza kwa upole kama unaumwa. Nikasema hapana. Nikasema, "Binti yangu Marit alifukuzwa kazi bila kosa. Aliyemcheka yeye na wenzake nilimkaribisha mimi mwenyewe, na alipowacheka, nami nilitabasamu." Kisha nikabaki nimesimama nimeshika kiti cha mbele.

Gunder aliangalia viatu vyake. Nilifikiri mchungaji ataendelea na zaburi.

Ndipo Doreen akasimama tena, akasema, "Na mjukuu wangu Trygve, wa idara ya misitu. Tangu Februari. Tuliwaambia yuko likizo." Akakaa upesi. Upande wa madirisha mtu akataja mpwa wake aliyekuwa akiwahudumia wanajeshi wa zamani hospitalini. Gunder alikuwa wa mwisho. Alimtaja mkwewe, yule wa idara ya serikali ya kupima mvua. Miezi tisa tumekunywa kahawa meza moja na hakuwahi kunitajia, wala mimi sikumtajia wewe.

Yalitoka majina saba ya waliofukuzwa. Sisi ni watu arobaini na mbili tu pale ndani. Mchungaji aliyasoma yote tangu mwanzo, na lako ndilo alilolisoma kwanza. Alilitamka vibaya kidogo, nikamsahihisha.

Nimesema niliyoombwa, miezi minane baada ya siku yake, mahali ambapo Crandall hayupo. Najua hukuomba niiseme hapo. Sikuombi urudi, na barua hii si lazima uijibu.

Baba yako