Bosi Aliniona Nikipinduka, Akadhani Ni Nguvu

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na ukiweza ujibu haraka, maana mashindano ya idara ya kupokezana kwenye mashine ya makasia ni Jumamosi na chakula hakinipiti kooni.

Mimi ni karani wa masjala, bado kijana, na ofisi yetu imeletewa mashine ya kupiga makasia, ile ya kukaa kwenye kiti kinachoteleza na kuvuta mpini wenye mnyororo, unaloa jasho kama uko mtoni na maji hakuna hata tone, na mimi ambaye hata ngazi zilinishinda nimeipenda mpaka najicheka. Tatizo langu navuta kwa mikono tu, kama ninavyovuta droo za mafaili kutwa nzima, na wakati wa kurudi magoti yanawahi kupanda, mpini unayagonga. Mkufunzi aliyeletwa pamoja na mashine akanipa mazoezi madogo madogo: kusukuma kwa miguu peke yake mikono ikiwa imenyooka, kutulia kidogo kabla ya kukunja magoti, na kupiga kasia bila kufunga miguu kwenye mikanda.

Hili la mikanda ndilo lililoniponza. Wiki iliyopita nikiwa katikati ya zoezi akaingia bosi wetu, mama wa kuogopewa kweli, nami kwa woga nikavuta kwa nguvu zote, miguu ikachomoka, nikapinduka kinyumenyume, kiatu kimoja kikaruka kikatua kwenye meza ya chai. Bosi akapiga makofi.

"Jamani, kijana ana nguvu mpaka mashine inamtupa! Jumamosi huyu atashika zamu ya mwisho ya timu yetu, ndiye atakayetumalizia kazi."

Nikafungua mdomo niseme ukweli, nikajisikia nikisema, "Asante, mama."

Sasa naitwa Injini. Wahasibu, wapinzani wetu, wananipisha mlangoni. Dereva wa ofisi kila asubuhi ananiuliza, "Injini, umekula?" na mwenzangu wa masjala ameshaniambia, "Ukituangusha, ndugu yangu, utafute idara nyingine."

Nijifanye mgonjwa? Au nikaze mikanda nivute vyovyote vile? Na kuna jambo sijamwambia mtu: jana, kwenye lile zoezi la miguu tu, kiti kiliteleza, mpini ukaja mwepesi, mashine ikapumua shwaaa, nikapiga kelele za furaha mpaka mfagiaji akaja mbio akidhani nimevunjika.

Karani Mwenye Hofu

*

Karani wangu,

Nimecheka mpaka miwani imeanguka, pole sana. Sasa nisikilize.

Ugonjwa wa uongo sitaki kuusikia. Una miguu mizima, na jana imekuonyesha inachoweza. Na mikanda usiikimbilie, itakufichia kosa tu. Miguu ilichomoka kwa sababu ilishamaliza kusukuma, wewe ukaendelea kujirusha nyuma ili mama wa watu akuone. Zoezi lilikuwa linakusema, hukulisikiliza.

Kuanzia leo, kila ukikaa pale anza na miguu peke yake, polepole, mpaka usikie ile shwaaa yako. Ndipo uongeze mgongo, kisha mikono imalizie. Kurudi ni kinyume chake: mikono itangulie, mgongo ufuate, magoti yasubiri mpaka mpini uyapite. Hiyo si droo, mwanangu! Huvuti faili la mtu, unaisukuma sakafu. Anayekuangalia mwache aangalie. Jumamosi funga mikanda kama wenzako, lakini piga kasia kama vile haijafungwa.

Kabla ya hayo yote, leo hii, kabla ya chai, gonga mlango wa bosi wako. Mwambie, "Mama, siku ile hazikuwa nguvu, nilikosea. Ila najifunza, na bado natamani kupiga kasia." Hatakumeza. Akikutoa kwenye zamu ya mwisho, utakula chakula chako ukashiba. Akikuacha palepale, ujue safari hii amekuchagua wewe, si kile kiatu.

Na viatu vyenyewe, tafadhali, vifunge kamba.