Nakaa Nyuma ya Karakana, Lakini Kazini Wanajua Natoka Mbali

Shangazi mshauri, shikamoo. Mimi ni msichana niliyemaliza shule juzijuzi, na nakuomba unishike mkono kwa sababu jambo hili siwezi kumwambia mtu uso kwa uso.

Nimepata kazi ya kushona vifungo kwenye karakana ya sare za shule, na karakana hiyo iko nyuma ya nyumba yetu, tumetenganishwa na ukuta tu, nikiwa kitandani nasikia cherehani zikilia. Sasa pale kazini kila asubuhi kabla ya kuanza, wenzangu hunywa chai na kusimuliana walivyofika, na aliyeteseka kuliko wote ndiye hukaa dirishani penye upepo, na aliyefika kwa raha ndiye hufagia. Mzee anayepiga pasi husema, "Leo nimebadilisha magari matatu, la mwisho nimesimama kwa mguu mmoja," na dada anayeshona mifuko humjibu, "Mzee wangu, wewe ulipata hata pa kuweka mguu? Mimi nimening'inia mlangoni kama koti!" Halafu wote husema pole, pole sana, utadhani msibani. Kulikuwa na kaka mmoja niliyeanza naye kazi, aliyesema ukweli kwamba anakaa mtaa wa pili, wakamwita Bwana Kitanda, akafagia mpaka akaacha kazi.

Siku yangu ya kwanza mzee wa pasi aliniuliza, "Na wewe mjukuu wangu, unatoka mbali?" na mimi watu wakinitazama ulimi huganda, nikaitikia kwa kichwa. Wakanipa pole na kiti cha dirishani, nami nikaona vizuri. Tangu hapo natoka nyumbani mapema, nazunguka soko, nasugua viatu kwenye mchanga, ndipo naingia nikihema. Mama huniambia, "Mwanangu, kazi iko hapo ukutani, unaizungukia ya nini, inauma?" Na jioni dada wa mifuko kwa huruma yake amemwomba mumewe anipakie kwenye pikipiki mpaka darajani, kwa kuwa niliitikia pia kwamba nakaa ng'ambo, basi nashuka, nashukuru, nangoja apotee, narudi kwa miguu mpaka magoti yanauma. Ni watu wema sana. Hata mzee wa pasi, juzi nilimkuta anatoka nyumba ya jirani yetu amevaa kandambili na mswaki mdomoni, nadhani alikuwa amemtembelea mgonjwa.

Wiki hii bosi wetu, mama mwenye karakana, ametuambia, "Nataka mtu anayekaa karibu nimpe ufunguo. Afungue mlango vitambaa vinapoletwa asubuhi, na kabla wengine hawajaja nitamfundisha kukata." Shangazi, kukata ndiyo kazi ninayoitaka maishani, kwa sababu mtu wa vifungo huambiwa kwaheri msimu wa sare ukiisha lakini anayekata hubaki. Bosi akauliza nani anakaa karibu, kila mtu akainamia kazi yake. Mzee wa pasi akaapa, "Karibu, mimi? Mama, kwetu hata jua hufika limechoka!" Mimi nikainua mkono, ukafika sikioni, nikajikuna. Bosi amesema asipopatikana mtu, Jumatatu mchana ataleta wa nje. Nikisema nitaitwa mwongo, nisiposema nitakosa. Nimefikiria hata kuhamia ng'ambo ya daraja kweli ili nisiwe mwongo, lakini hapo tena ufunguo sitapewa. Nifanyeje?

Msichana wa Vifungo

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Pole kwa magoti. Kwa mengine sikupi pole, umeshapewa nyingi mno na ndizo zilizokuharibu.

Hebu tusaidiane kufikiri. Dada wa mifuko ana mume, mume ana pikipiki, halafu asubuhi dada huyo ananing'inia kwenye mlango wa gari kama koti? Na mzee wako, mtu anakwenda kumwona mgonjwa na mswaki mdomoni? Mwanangu, huyo anaishi hapo! Mmekaa karakana nzima mnazunguka soko moja kila asubuhi, mkikwepana kwenye kona, ili mkapeane pole ya uongo. Nashangaa hamjagongana.

Wewe ni mpole, na mpole akiitikia mara moja huona amefungwa maisha. Hujafungwa. Lakini usinidanganye na mimi kwamba ni aibu tu. Kile kiti cha dirishani ulikipenda, na kufagia hukutaka. Yule kaka alisema ukweli na wewe ulinyamaza akifagia. Hilo lifikirie ukiwa peke yako.

Sasa sikiliza. Usiungame mbele ya chai, watakufanya kichekesho na ulimi utaganda tena. Jumatatu nenda kwa bosi akiwa peke yake, kabla ya wote. Sema maneno haya, yafanyie mazoezi mbele ya mama yako: "Mama, nakaa nyuma ya ukuta huu. Niliogopa kusema. Naomba ufunguo, nataka kujifunza kukata." Basi. Usiongeze hadithi ya daraja, wala usimtaje mzee wa pasi. Siri yake si mali yako. Ila ufunguo uuchukue papo hapo, maana wakisikia wewe umekubaliwa, mzee atakumbuka ghafla kwamba alishahamia karibu.

Kisha mshukuru mwenye pikipiki na umwambie ukweli, petroli yake si ya kuchezea. Watakupa jina baya, tena baya kuliko la yule kaka. Liitikie ukiwa na mkasi mkononi.

Jumatatu bosi akute umeshasimama mlangoni. Na ole wako ukichelewa, maana sababu ya njia huna.