Mtani Aliyeacha Kutania

Parklands, Kitwe
9 Oktoba

Dada Kunda mpenzi,

Na jibu la swali lako, lile uliloniuliza mama akiwa tayari anakunyang'anya simu, ni ndiyo. Ndiyo, dada, ndoa ni tamu, tena tamu kuliko walivyonieleza wale mama walionifunda, ambao kwa siku tatu walinifundisha kuvumilia tu kana kwamba napelekwa jeshini. Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu yako ni ya ukoo mzima. Nikianza kusema neno, mama anaongeza sauti na mashangazi wanachangia. Haya ya leo ni yako peke yako.

Nakusalimu kwa moyo wote. Naomba mguu wa mama uwe umepungua kuvimba, na watoto wako wa darasa la nne wawe wamekuachia sauti kidogo. Huko Kasama nadhani mvua bado, kama hapa. Oktoba inatukaanga, lakini sisi ni wazima, na nyumba yetu ndogo nimeitia mapazia ya rangi ya chungwa uliyosema hayatapendeza. Yamependeza.

Niache kwanza nikusifie mume wangu, maana hapa mjini ukimsifu mumeo wanawake wanakuonea huruma. Kalumba anakunja blanketi akiamka. Akipata kipande kizuri cha kuku, anakisogeza upande wangu wa sahani halafu anatazama dirishani kama mtu asiyehusika. Mwezi uliopita, akiwa kazini, aliniandikia ujumbe kwamba amekumbuka macho yangu hata hesabu za likizo za wachimbaji zimemshinda, na kwa haraka akautuma kwenye kundi la tawi lenye wanachama mia mbili na kumi na nne. Wa kwanza kujibu aliandika: "Imepokelewa, Mwenyekiti." Wa pili akauliza kama macho hayo yana ada yake ya mwaka. Nilitaka ardhi inimeze, lakini usiku nililala nikitabasamu.

Sasa unajua adui yangu ni nani. Si mwanamke. Ni tawi.

Ulipokuja kwenye harusi uliwaona wale waliovaa kitenge kimoja cha kijani, ukaniuliza ni kwaya gani. Ndio hao, Chama cha Maofisa Rasilimali Watu, tawi la mkoa wetu. Ni watu wanaoajiri na kusimamia wafanyakazi migodini, viwandani na hospitalini, ingawa vijana wa mtaani wanawaita chama cha wafukuzaji. Makao makuu yako Lusaka na yana ghorofa. Tawi letu lina sanduku moja, muhuri mmoja na bango moja linalokunjika, na kwa miaka minne vyote vilikaa chini ya kaunta yangu pale lojini nilipokuwa mpokeaji wageni, kwa sababu tawi halina ofisi. Hakuna anayelipwa. Mwenyekiti anafanya kazi yake ya mgodini mchana, halafu jioni na Jumamosi anafanya ya tawi bure.

Nami nilimpenda katika bure hiyo hiyo. Alipanga viti sitini, wakaja watu saba, na akahutubia wale saba kama ni sitini. Mwishoni alishukuru kila mtu, mpaka akanitaja mimi kwa jina, mtu wa kidato cha mwisho tu mbele ya wenye shahada. Dada, nilimwaga chai.

Lakini kupenda kitu ukiwa kaunta ni tofauti na kukaa nacho nyumbani. Sasa sanduku liko sebuleni kwangu. Jumatano anakuja kijana aliyemaliza chuo anayetaka saini ili kadi yake ya uanachama itoke, maana bila kadi hapati kazi, naye anakaa hapo mpaka nampakulia sahani ya nshima. Alhamisi kuna mama ambaye mwajiri wake anataka apunguze watu thelathini, na amekuja kulia kwa mwenyekiti kwa kuwa kazini kwake hawezi kulia. Mwanachama akifiwa, ni mwenyekiti anayebeba bango kwenda msibani. Mweka hazina amehamia Ndola. Katibu amejifungua mapacha. Kila anayeombwa kusaidia anasema anampenda sana mwenyekiti, anavyofanya kazi vizuri, aendelee tu. Mume wangu amesifiwa mpaka amekwama.

Tena kutoka hakuna. Sheria yao inasema mwenyekiti huchaguliwa kwa miaka miwili. Akiondoka katikati bila mtu wa kumpokea, tawi linafungwa na watu wote wa huku waifuate Lusaka kwa kila muhuri na kila mtihani. Kalumba anasema hataki tawi life mikononi mwake. Nilipomwambia kwamba nami nitakufa mikononi mwake, alicheka, akanibusu kiganja, akaenda kupokea simu.

Ungedhani nalalamika kuhusu viti na nshima. Hapana, ni zaidi. Mwezi Aprili mgodi mmoja wa Solwezi ulimwita Kalumba awe mkuu wa idara nzima. Tulikuwa bado wachumba. Alifurahi kama mtoto. Aliniambia mkutano mkuu wa tawi ni Juni, akitokea mtu wa kuchukua kiti atakwenda Solwezi Julai, na harusi yetu ya Agosti tungeisogeza mbele kidogo, labda Desemba, mpaka apate nyumba. Juni ikafika. Yule mama wa makao makuu aliyekuja kusimamia uchaguzi akauliza kama kuna majina yaliyowasilishwa. Sanduku likafunguliwa, halikuwa na kitu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika, nikamwona Kalumba anatazama mlango, anatazama mlango, kama mtu anayengoja mgeni.

Ndipo akasimama Maseko. Unamkumbuka, yule Mngoni mrefu aliyetaka kuzuia gari la bibi harusi mpaka alipwe nyani wa kuchoma. Kwa kuwa Wangoni na sisi Wabemba ni watani, Maseko na Kalumba hawajawahi kusemezana sentensi nzima bila matusi: sisi kwao ni wala nyani, wao kwetu ni wala panya. Msibani kwa baba yake Kalumba, Maseko alijilaza kaburini akasema hatoki mpaka Wabemba wakiri kuwa walikimbia vita. Basi siku hiyo aliuliza, polepole, kama kweli humo sandukuni hamna jina la Mngoni. Ukumbi ukaangua kicheko. Kalumba, ambaye alikuwa na huzuni na akashukuru kupata kitu cha kucheka, akamjibu:

"Mngoni akitaka kiti huja na mkuki, haji na makaratasi. Kaa chini, mla panya."

Wakazidi kucheka. Maseko naye akacheka, akakaa. Kalumba akapita bila mpinzani, akapigiwa makofi, na Solwezi akawaandikia kwamba hawezi.

Tangu siku ile Maseko hatanii. Anahudhuria kila mkutano, anabeba viti, alivaa kitenge cha kijani akacheza kwenye harusi yetu, lakini ile ya nyani ilikuwa ya mwisho, na hata ile aliisema akitazama pembeni. Sasa anamwita mume wangu "Mheshimiwa Mwenyekiti" na kumshika mkono kwa adabu. Kalumba ameumia kuliko kama angetukanwa. Mara ngapi ameniuliza kwenye meza, "Nkandu, nimemkosea nini Maseko? Mbona ananiheshimu?" Na mimi nampakulia mboga.

Dada, kaa chini kama umesimama.

Ijumaa ya mwisho ya Mei, siku ya mwisho ya kupokea majina, Maseko alikuja lojini saa sita mchana. Palikuwa na wageni wengi kaunta. Alipiga meza akasema kwa sauti, "Shemeji mtarajiwa, wala nyani wametawala vya kutosha. Mpelekee mfalme wenu hii, ni barua ya vita." Nami nikamjibu kwamba kiti cha tawi hakikaliwi na mla panya, kitanuka. Watu wakacheka, naye akacheka, akaniachia bahasha akaenda zake.

Kila mtu aliyekuwapo angeapa kwamba ule ulikuwa utani. Hata mimi ningeapa, na nimekwisha kujiandaa kuapa mara nyingi. Lakini niliifungua. Mle ndani mlikuwa na fomu ya kugombea kiti, imejazwa kwa mwandiko wa mtu aliyekaa nayo muda mrefu, ina saini za wanachama wawili wa kumuunga mkono. Na nyuma yake karatasi mbili za mipango: atakavyopata chumba cha ofisi katika ukumbi wa kanisa, atakavyowagawia watu watano kazi anayoifanya Kalumba peke yake. Hakuna utani hata mstari mmoja. Niliisoma yote, dada. Nilisoma mara mbili. Halafu nikaiweka chini ya vitambaa vya meza, nikaenda kuwapa wageni funguo zao.

Kwa nini? Kwa ajili ya neno Desemba. Nilikumbuka wewe. Nilikumbuka yule wako aliyekwenda Livingstone kwa miezi mitatu tu akatafute nyumba, na mahari ilikwisha pokelewa, na wewe ukashona gauni, na mimi mdogo nikatumwa kila Ijumaa stesheni kutazama basi. Sijakuambia hili maishani, lakini nilikuwa nikirudi njia ndefu ili nichelewe kukuambia hayumo. Nilisema moyoni, mimi hapana, mimi harusi haitasogezwa hata siku moja. Na haikusogezwa. Ilikuwa nzuri, sivyo?

Sasa nimempata na nimemfungia. Nikimwona amelala kwenye kiti na orodha za wanachama kifuani, najua ni nani aliyegeuza ufunguo. Na Maseko anaamini mume wangu aliitupa bahasha yake kisha akamfanya kichekesho mbele ya watu. Hawezi hata kushtaki, maana utani haushtakiwi. Angekasirika wangemwambia Mngoni gani huyu hajui kutaniwa. Hao ni wanaume wawili wapendanao kama ndugu, na mimi nimekaa katikati yao nikiwatilia chai.

Wiki iliyopita Solwezi wameandika tena. Waliyemchukua hakufaa. Wanataka jibu kabla ya mwezi kwisha. Kalumba alinisomea barua, akaikunja, akasema angeenda kama kungekuwa na mtu hata mmoja katika mkoa mzima aliyekitaka kile kiti. Mtu hata mmoja. Nilikwenda chooni nikakaa huko.

Jumapili tulipotoka kanisani nilimpikia kuku, akala akashiba, nikaenda nikaleta ile bahasha, niliyohama nayo kutoka lojini, nikaiweka kando ya sahani yake. Nilitaka kueleza kwanza, lakini alikwisha kuifungua. Akasoma fomu. Akasoma mipango, karatasi zote mbili, na nilimwona katikati akitabasamu kidogo, nadhani kwa jambo zuri aliloliona humo. Kisha akatazama tarehe.

"Ulidhani ni utani?" akaniuliza.

Mlango ulikuwa huo, dada, wazi kabisa, yeye mwenyewe ameushikilia. Ningesema ndiyo, na nchi nzima ingeniamini.

Nikasema, "Hapana. Niliisoma."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alinawa mikono, akanishukuru kwa chakula kama anavyoshukuru siku zote, akakaa nje barazani mpaka watu wa tawi walipofika. Tangu siku hiyo ananiuliza nimeamkaje na ananiambia kazi ilikuwaje. Anakunja blanketi. Kipande cha kuku alichopakuliwa anakila mwenyewe. Jana tu ndipo alipolisema, amesimama na viatu mkononi: kwamba akimwambia Maseko ukweli atakuwa amejisafisha kwa kulichafua jina la mkewe, na asipomwambia anabaki mwizi wa kiti asichokitaka, na kwa hiyo hajui afanye nini, nami nisimuulize.

Sitamuuliza. Jumamosi hii kuna kikao cha tawi hapa kwangu, na Maseko anakuja, maana hakosi. Nitasimama mimi, mbele ya wote, kabla chai haijaandaliwa, nikiwa na bahasha. Nitasema niliifungua na nilijua si utani. Sitatia utani humo hata chembe, ingawa nadhani ulimi wangu utautafuta. Wakichagua upya, Kalumba atakuwa huru kwenda Solwezi. Kama atanichukua ni neno lake, na sijui, dada. Kweli sijui. Ninachojua ni kwamba nampenda kuliko siku ile ya kitenge cha kijani, na kwamba simtaki tena kwa kumfungia.

Usimsomee mama barua hii. Mwambie tu mapazia yamependeza na nimeanza kunenepa. Msalimie mashangazi wote, na mwalimu mkuu wako mwenye kukohoa, na wale watoto wa darasa la nne. Kama unanikasirikia kwa kukutumia wewe kama sababu, kasirika, unayo haki, ila usikae kimya.

Kabla mwezi huu haujaisha nitakuja Kasama, naahidi. Ukituona wawili tukishuka kwenye basi, piga vigelegele vyako vyote. Ukiniona peke yangu, chukua begi tu, na usiniulize kitu mpaka tufike nyumbani.

Mdogo wako akupendaye,
Nkandu