Boneti Uliyoiacha ya Kijivu

Kwako Baba,

Nimekaa siku nyingi nikijiambia sitakuandikia, maana aliye kaburini hajibu, na mimi nataka majibu. La kwanza: vichwa vya bolti za boneti ulivisaga kwa nini?

Najua utasema wezi. Hapa Bukoto wezi wameng'oa taa na vioo vya watu, hilo nakubali. Lakini mwizi gani, Baba, angehangaika na boneti ya kijivu iliyojaa puti ya kuzibia vibonyeo, kwenye gari jekundu la spoti ambalo hata wewe lilikutoa jasho kuliwasha? Ukavisaga vichwa vikawa duara, spana haishiki. Halafu kila ulipotaka kuipaka rangi upya, ukazikata bolti mwenyewe kwa tindo huku ukijitukana.

Unakumbuka msimu ule wa mvua ulipoiingiza boneti sebuleni? Uliilaza juu ya meza ya Mama, ukaitandikia vitambaa alivyovifuma kwa mkono wake, eti isichubuke. Tukala mkekani mpaka mvua zikaisha. Mama akilalamika, wewe unasema, "Haraka haraka haina baraka." Naye anapakua ugali bila kukutazama: "Na ngoja ngoja huumiza matumbo." Nilicheka nikapaliwa na mboga ya sukuma. Baadaye ulinipa msasa nisugue ukingo, ukanishika mkono kunionyesha: polepole, usikilize kwa vidole. Nilikupenda sana siku ile, na siku hiyo ndiyo inayoniudhi zaidi leo.

Kwa sababu hukumaliza. Ukipaka rangi, unaona kibonyeo. Ukiziba kibonyeo, unaona rangi si yenyewe, basi unasugua tena yote. Ulikufa ikiwa bado ya kijivu.

Mwaka huu Mama amechoka. Alituita wote akasema wazi: siku ya ibada ya kukukumbuka anataka kwenda kanisani kwa gari hilo, likiwa na rangi moja, la sivyo liende kwa wauza vyuma chakavu. Ndugu zangu wakatazama simu zao. Nani wa kuhangaika? Mimi, kifungua mimba wako. Sikutaka gari lako likatwekatwe, basi nikamtafuta Papa Furaha, fundi rangi Mkongo wa kule Nateete. Aliinama akazitazama bolti zako, kisha akaniuliza, "Dada, huyu muzee alikuwa anafunga boneti ao alikuwa anafunga benki?"

Tulikata asubuhi nzima. Bolti moja ikakatikia ndani, nikakusema maneno ambayo siyaandiki hapa. Marehemu hasemwi vibaya, lakini waliotunga hilo hawakuwahi kufungua boneti yako.

Tukaisugua mpaka bati tupu. Vile vibonyeo vilivyokukosesha usingizi miaka yote, Papa Furaha aliviziba kabla ya chai. Kabla ya chai, Baba. Rangi ikapulizwa, ikakauka, tukaifunga kwa bolti za kawaida. Mwizi akizitaka, na abarikiwe nazo.

Jumapili ya ibada nikamwita Mama aje kuona. Nilitegemea asante. Alilizunguka gari, kisha akapitisha kiganja juu ya boneti yote, taratibu, akitafuta kibonyeo. Hakukipata. Akaanza kulia.

Nikamwambia kwa hasira, "Mama, si wewe ndiye uliyesema?"

"Nilisema," akajibu. "Lakini ikiwa haijaisha, nilikuwa naona kama baba yako ametoka tu kununua msasa. Sasa imeisha. Atarudi kufanya nini?"

Swali hilo lilikuwa lako, Baba, si langu. Umeniachia kama ulivyoniachia zile bolti, na safari hii sikuwa na tindo.

Nikamfungulia mlango, akaingia, akajifuta macho kwa leso. Nikawasha gari, likakubali mara moja, jambo ambalo wewe hukulifanikisha hata siku moja. Tukaenda kanisani. Gari lina viti viwili tu, Baba. Mimi nilikaa kwenye chako.

Pumzika huko. Bado nimekukasirikia, na sidhani nitaacha karibuni.

Kifungua mimba wako,
binti yako