Mashine ya Mlango wa Mbele na Magoti ya Mama

Jumamosi, Julai. Arusha.

Manyunyu tangu asubuhi, baridi inaingia hadi kwenye mifupa, na Mlima Meru haujaonekana wiki nzima. Nina hasira na sina wa kumkasirikia.

Mama yangu, tuliyemchukua Tengeru baada ya kuugua, siku hizi anashindwa kuzuia mkojo usiku. Alfajiri anafua shuka zake kwenye beseni kwa maji ya baridi, kisha anazianika chumbani kwake, dirisha likiwa limefungwa. Nje hataki, maana mume wangu anapita pale. Mkwe aone shuka zile? Bora ardhi immeze. Basi hazikauki, zinanuka. Ameniapisha nisimwambie mtu.

Hapa situmii jina langu, na mume wangu hasomi blogu.

Ndiyo maana nikaomba mashine ya kufulia. Mume wangu alikubali bila neno, ila anataka ya mlango wa mbele. Na hoja zake ni za kweli, ndicho kinachoniudhi. Inatumia maji kidogo, haichakazi nguo, na inakamua hadi nguo zinatoka karibu kavu, jambo kubwa kwa Julai hii. Ya kufungulia juu inabugia maji, na ukamuaji wake ni wa hivi hivi tu.

Lakini hiyo ya juu unapakia umesimama. Bomba likitoa maji kwa kudondosha, unamimina ndoo, kazi inaendelea. Mama angefua mwenyewe sisi tukiwa kazini, asionwe na mtu.

Leo tulikwenda naye dukani. Mume wangu akiwa anamhoji muuzaji, mama alichuchumaa mbele ya ile ya mlango wa mbele, akaufungua, akaingiza mkono kama anayepakia. Kuinuka akashindwa. Mume wangu alisogea, akasita, maana kwetu mkwe hamshiki mama mkwe hivi hivi. Nikamwinua mimi.

"Mama, usijisumbue," mume wangu akasema. "Kwetu wewe hufui kitu. Mama Glory yupo."

Alidhani anamheshimu.

"Chukueni hiyo anayoitaka baba Glory," mama akajibu. "Mimi wiki ijayo narudi zangu Tengeru."

Nikasema nataka ya kufungulia juu. Mume wangu akauliza kwa nini. Nikamwambia naipenda tu. Tumerudi mikono mitupu, amenuna, ananiona mbishi tu.

Naumia. Kule Tengeru hana mtu wa kuishi naye.

Kesho tukitoka kanisani nitamwomba mama aniruhusu nimwambie mkwewe. Akikataa, nanunua ya juu na nitavumilia kununiwa.

Sasa hivi nimempelekea uji. Begi lake liko kitandani, zipu wazi. Chini ya vitenge amekunja zile shuka, bado mbichi.