Yule Bibi wa Barazani

Kaka yangu,

Huku hatujambo. Goti la Mama limepata nafuu, na paka wake amezaa kabatini, juu ya shuka zako za zamani.

Ile picha niliyokuchorea kwa kompyuta, ya nyumba unayotaka kumjengea Mama, mara ya kwanza uliikataa. Ulisema inang'aa mno, kama sahani ya dukani. Sikununa, ndiyo kazi yangu. Nikarudi kwenye kompyuta, nikatia vumbi chini ya ukuta na michirizi ya mvua chini ya madirisha, nikalaza nyasi pale watu wangepita. Ukasifu yote. Kisha ukaandika: "Ila huyo bibi wa barazani mtoe. Anaishushia nyumba hadhi."

Huyo bibi! Kaka, hayo ni macho au mapambo? Nilimpiga Mama picha mlangoni, nikamketisha kwenye baraza yako ili nyumba ionekane ina mtu. Alivaa mtandio uliomtumia wewe mwenyewe. Nilipomwambia ataonekana mdogo sana, alicheka: "Mwanangu atanijua hata nikiwa kama sisimizi."

Hukumjua.

Basi nimemtoa, maana mwenye nyumba ni wewe. Ila kivuli chake sikukifuta, kipo pale pale sakafuni. Na kila nikirudi kutoka kazini ananiuliza ulisemaje ulipomwona. Mpigie simu, umwambie kwa mdomo wako.

Ni mimi mdogo wako, ambaye leo sina salamu zaidi.